Simba Asiye na Manyoya Shingoni: Hadithi ya Danieli katika Michoro na Chapa, kwa Mtazamo wa Taita

Tafsiri ya Biblia katika lugha za Afrika Mashariki imekwisha kuandikiwa mengi, na wataalamu wa lugha wameonyesha mara nyingi jinsi neno moja lililochaguliwa na mfasiri linavyoweza kuelekeza fikra za waumini kwa vizazi kadhaa. Jambo ambalo halijapewa uzito unaostahili ni kwamba sambamba na tafsiri ya maneno iliingia tafsiri nyingine, nayo ni ya picha. Kitabu kilipofunguliwa mbele ya wasikilizaji, wengi wao waliiona picha kabla hawajaweza kuisoma sentensi moja. Picha hiyo haikuwa pambo tu. Aliyeichora alikuwa amekwisha kuamua mnyama awe wa umbo gani, mwanga utoke upande upi, mtu asimame au apige magoti, na mtazamaji mwenyewe awe ndani ya tukio au nje yake. Maamuzi hayo ni sawa na yale ya mfasiri, ila mchoraji hawezi kuweka tanbihi.

Makala haya yanaichukua hadithi moja, ile ya Danieli aliyetupwa kwa simba, na kuitazama kutoka mahali pamoja: Voi na nchi ya Taita-Taveta kwa jumla. Sababu ya kuchagua mahali hapo haihitaji maelezo mengi. Zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti hiyo imo ndani ya hifadhi mbili za Tsavo, zilizoanzishwa 1948, na makao ya Hifadhi ya Tsavo Mashariki yako Voi penyewe. Kwa Mtaita wa Sagalla au wa Kasigau, simba si nembo ya kifalme wala kielelezo cha ushujaa katika methali. Ni mnyama anayeweza kuvunja zizi usiku wa leo. Swali la kihakiki basi ni hili: hadithi ya simba waliofungwa vinywa inapochorwa na kuchapwa mahali ambapo vinywa vya simba havijafungwa, je, michoro iliyorithiwa inafaa, na kama haifai, ni fani gani inayoweza kuubeba uzito wa hadithi?

Yafaa kuanzia kwenye neno. Tafsiri ya Muungano, ambayo Biblia yake kamili ilitoka 1952, inasema tundu la simba. Katika masimulizi ya mdomo husikika pia shimo na pango. Kwa msikilizaji wa haraka maneno hayo matatu ni mamoja. Kwa mchoraji ni picha tatu zisizofanana. Neno tundu limebeba mizigo miwili katika Kiswahili: kwanza ni uwazi mdogo unaopenya, kama tundu la sindano na tundu la pua, pili ni kizimba, kama tundu la kuku na tundu la ndege. Mwanafunzi wa Voi akiambiwa achore tundu la simba anaweza, kwa haki yote ya lugha yake, kuchora kizimba chenye fito. Asilaumiwe. Lakini kizimba kina athari yake: simba anaonekana kutoka nje, na mtazamaji amesimama salama upande wa pili wa fito. Shimo hutazamwa kutoka juu, alipo mfalme, au kutoka chini, alipo Danieli. Hakuna mahali pa tatu. Pango nalo huingiwa kwa miguu, na aliyeingia kwa miguu aweza kutoka kwa miguu.

Sura hii ya kitabu cha Danieli iliandikwa kwa Kiaramu, na neno lililotumiwa humo ni gob, yaani shimo lililochimbwa. Lina uwazi juu, na juu ya uwazi huo jiwe huwekwa na kutiwa muhuri. Katika Kiaramu hicho hicho, neno pum, kinywa, linatumiwa mara mbili: jiwe linawekwa juu ya kinywa cha shimo, na baadaye malaika anafunga vinywa vya simba. Vinywa viwili vinafungwa usiku mmoja, kimoja kwa amri ya mfalme na kingine kwa amri iliyo juu yake. Kiswahili kinaweza kuutunza ulinganifu huu bila shida, kwa kuwa nacho hukiita kinywa uwazi wa chombo na uwazi wa mnyama pia. Kwa mchoraji huu ni utajiri mkubwa: hadithi nzima imejengwa juu ya umbo moja, duara jeusi linalozibwa. Cha kushangaza ni kwamba katika picha maarufu za hadithi hii umbo hilo karibu halionekani kabisa.

Rubens, aliyeichora hadithi hii kati ya 1614 na 1616, alijisifu kwamba simba wake aliwachora kwa kuwatazama wakiwa hai. Danieli wake amekaa katikati, mikono imefumbatana, macho yamepandishwa kwenye uwazi ulio juu, na wanyama wamemzunguka kwa ukubwa unaokaribia ule wao halisi. Ni picha yenye nguvu, na Rubens apewe haki yake kwa jambo moja ambalo waliomfuata walilisahau: chini, mbele ya miguu ya Danieli, ametapanya mifupa ya watu na fuvu. Anajua kwamba shimo hili limekwisha kulisha simba hapo kabla. Gustave Doré alichora michoro mingi ya Biblia iliyotolewa Ufaransa 1866, nayo ikachongwa kwenye mbao na mafundi na kuenea duniani kuliko picha nyingine zozote za aina hiyo. Kisha akaja Mwingereza Briton Rivière. Picha yake ya 1890 inamwonyesha Danieli amewapa simba mgongo, mikono imefungwa nyuma, uso umeelekea kwenye nuru inayoingia kwa juu. Nakala zake zilichapwa kwa wingi, na mtindo wake ndio uliopata makao katika vitabu vya watoto. Shimo limegeuka chumba cha mawe kilichosakafiwa vizuri. Simba wanasitasita nyuma yake kama watumishi waliokemewa.

Hapa ndipo kasoro inapoonekana wazi. Utulivu wa Danieli umekuwa utulivu wa picha nzima. Mchoraji ameuchukua mwisho wa hadithi akautandaza juu ya usiku wote, hata hofu ikakosa nafasi. Muujiza usiotanguliwa na hatari si muujiza, na mtoto anayeitazama picha ya namna hiyo hujifunza kwamba simba wa Biblia ni jamii nyingine ya wanyama, isiyohusiana na yule anayesikika akinguruma ng'ambo ya reli.

Yupo mmoja aliyejitenga na mkondo huo. Henry Ossawa Tanner, mchoraji Mmarekani mweusi aliyeishi Ufaransa, alionyesha picha yake ya Danieli mjini Paris 1896 na kupata sifa rasmi. Picha hiyo ya kwanza imepotea, lakini aliirudia baadaye, na nakala hiyo ya pili imehifadhiwa Los Angeles. Ndani yake nuru inatoka juu na kuangukia sehemu ya chini ya mwili wa Danieli, wakati uso wake umebaki kivulini. Simba wengi wamo gizani, na mtazamaji huwahesabu polepole, kama ambavyo mtu huhesabu macho porini. Tanner alielewa kwamba shimo lililozibwa kwa jiwe halina dirisha. Mwaka ule ule wa 1896 kazi ya reli ilianza Mombasa, na miaka miwili baadaye ilikuwa imefika mto Tsavo.

Yaliyotokea hapo 1898 yanajulikana, ingawa mara nyingi husimuliwa kama kisa cha uwindaji. Simba wawili madume waliwaua wafanyakazi wa daraja kwa muda wa miezi kadhaa, hadi J. H. Patterson alipowapiga risasi mwezi wa Desemba. Ngozi zao alizitumia kama mazulia kwa miaka mingi, kisha 1924 akaziuzia makumbusho ya Field huko Chicago, ambako zilijazwa na kusimamishwa mwaka uliofuata. Idadi ya waliouawa imebishaniwa: Patterson alifikia kutaja 135, na uchunguzi uliotolewa 2009, uliopima mifupa na manyoya ya simba hao, ulikadiria watu 35 hivi. Katika kitabu chake cha 1907 Patterson aliwahesabu Wahindi 28, akaongeza kwamba Waafrika waliokufa hawakuwekewa kumbukumbu rasmi.

Kwa mhakiki wa picha, jambo la kwanza la kuangaliwa ni shingo za wanyama hao. Wote wawili walikuwa madume, na wote wawili hawakuwa na manyoya ya shingoni. Madume wengi wa Tsavo wako hivyo, au wana manyoya machache tu. Wataalamu wa wanyama wameihusisha hali hiyo na joto la nyika, pamoja na sababu nyingine. Sasa, simba wa picha za Ulaya hutambulikana kwa manyoya yake. Hayo ndiyo taji lake. Bila hayo, mtazamaji aliyelelewa na picha hizo humwona jike. Mwanafunzi wa Voi anayemchora dume wa kwao jinsi alivyo anaweza kusahihishwa na mwalimu aliyesoma kwenye vitabu, na mwalimu huyo atakuwa amesahihisha ukweli kwa kutumia desturi. Kisa hiki kidogo kina funzo la kinadharia: katika picha, kama katika lugha, kuna sarufi iliyokopwa ambayo wenyeji huifuata hata pale macho yao yanapowaambia vingine.

Lakini kuliondoa taji la simba hakutoshi. Kama jambo lote lingekuwa kubadili manyoya ya simba na rangi ya Danieli, basi kazi ingekwisha kwa siku moja. Historia ya Tsavo inaipindua hadithi yenyewe. Katika hadithi, simba wamo ndani na mtu anatupwa kwao. Tsavo, watu ndio waliokuwa ndani. Wafanyakazi walijizungushia boma la miiba, wakawasha moto, wakalala. Simba akatafuta upenyo akaingia. Mwaka 1900, kwenye stesheni ya Kima katika reli hiyo hiyo, ofisa wa polisi Charles Ryall alikuwa katika behewa akimvizia simba aliyekuwa akiwala watu. Simba aliingia behewani akamchukua yeye. Behewa hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi. Hapa neno tundu linapata maana ambayo mfasiri hakuikusudia: kizimba kilichojengwa kumlinda mtu kinageuka kuwa ndimo anamoliwa. Na aliyejenga kizimba hicho ni nani? Danieli alikuwa mateka aliyehamishwa mbali na kwao ili atumikie dola ya kigeni. Wahindi wa daraja la Tsavo walivuka bahari kwa mkataba ili watumikie dola ya kigeni katika nchi isiyo yao wala ya dola hiyo. Ulinganifu huo haukubuniwa na mhakiki. Umo katika hali zenyewe.

Nchi hiyo hiyo ilijengewa kizimba kingine. Manyani, kati ya Voi na mto Tsavo, ilifunguliwa 1954 kama kambi ya kuwazuilia maelfu ya watu wakati wa Hali ya Hatari, wengi wao wakiwa wametoka Mkoa wa Kati. J. M. Kariuki, ambaye alipitishwa katika kambi hiyo, aliyaandika maisha ya vizuizini katika kitabu chake cha 1963. Kambi ilipofungwa, mahali pale palibaki gereza. Mchoraji wa Taita-Taveta anayechora mtu aliyefungiwa kwa amri isiyoweza kubadilishwa, kwa sababu hakukubali kuabudu jinsi alivyoagizwa, hawezi kuchora fito au miiba bila mtazamaji wake kuona pia seng'enge.

Ni vema hapa kuitaja kazi ya Elimo Njau, kwa kuwa ndiyo inayotajwa kwanza kila inapozungumzwa Biblia katika sanaa ya Kenya. Njau alizaliwa 1932 Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, jirani na Taveta, akasomea sanaa Makerere. Katika kanisa la Mtakatifu Yakobo huko Murang'a, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo Wagikuyu waliouawa wakati wa Hali ya Hatari, alichora ukutani picha kubwa tano za maisha ya Kristo. Watu wake ni Waafrika na nchi yao ni ya milima ya hapo. Wakati wake hilo lilikuwa tendo la ujasiri, na aliyepiga hatua ya kwanza hastahili kudaiwa hatua zote. Hata hivyo uhakiki hauna budi kuuliza maswali yake. Kanisa liliwakumbuka wafu wa upande mmoja, huku wanaume wengi wa Murang'a wakiwa wamezuiliwa Manyani na kwingineko. Picha zinawapa watu wa Biblia sura ya wenyeji, lakini mgawanyiko wa wenyeji hao haumo ukutani. Kuhamishia hadithi nyumbani ni nusu ya tafsiri. Nusu ya pili, iliyo ngumu, ni kuiacha hadithi iulize maswali ya nyumbani.

Nusu hiyo ya pili ilifanywa kwa uwezo zaidi kusini mwa bara, tena kwa fani duni machoni pa wengi: chapa ya linoliamu. Kipande cha zulia la linoliamu huchongwa kwa patasi ndogo, hupakwa wino kwa rola na kukandamizwa juu ya karatasi. Azaria Mbatha, aliyezaliwa 1941 katika nchi ya Wazulu, alijifunza ufundi huu kutoka kwa Waswidi Peder na Ulla Gowenius alipokuwa mgonjwa katika hospitali ya misheni ya Ceza, kisha akawa miongoni mwa wa kwanza wa kituo cha sanaa cha kanisa la Kilutheri huko Rorke's Drift. Baadaye alihamia Uswidi, alikofariki 2018. Chapa zake huigawa karatasi katika vyumba vilivyopangwa safu juu ya safu, na hadithi za Yusufu, za Musa, za Daudi na Goliathi husomwa kama ukurasa. Chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi hakuna aliyehitaji kuelezwa Goliathi ni nani.

John Muafangejo, aliyezaliwa Angola 1943, akasomea Rorke's Drift na kufariki Windhoek 1987, alikwenda mbali zaidi kwa upande wa lugha. Alichonga maneno ndani ya picha. Kwa kuwa chapa hugeuza kulia kuwa kushoto, herufi lazima zichongwe kinyume, na katika kazi zake baadhi ya herufi hutoka zimegeuka, nazo zimeachwa hivyo. Chapa yake ya 1973 kuhusu Yuda inatamka katika jina lake kwamba Yesu alisalitiwa kwa randi 3. Vipande 30 vya fedha vimegeuka kuwa sarafu ya siku ile, na kwa kiasi cha kutia aibu. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa tafsiri katika sanaa ya picha. Mfasiri wa maandishi angehangaika na thamani ya shekeli. Muafangejo ametaja bei ya binadamu katika soko analolijua. Mchongaji wa Voi akitaka kumfuata ana tarakimu yake mkononi: sheria ya wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama. Tarakimu hiyo, ikichongwa kinyume chini ya miguu ya simba, ingekuwa na maneno mengi kuliko ukurasa mzima wa maelezo.

Ipo sababu ya kifani inayoifanya chapa ifae kwa Danieli kuliko mchoro wa mkaa au wa wino. Anayechora kwa mkaa huanza na karatasi nyeupe, na kila mstari wake ni giza linaloongezwa. Anayechonga kibao huanza na giza. Kibao ambacho hakijaguswa kikipakwa wino hutoa karatasi nyeusi tupu. Kila pigo la patasi ni nuru inayoingizwa. Shimo lililozibwa kwa jiwe ni kibao ambacho hakijachongwa. Mchongaji anaamua, pigo kwa pigo, kiasi gani cha nuru kiruhusiwe: jino moja, ukingo wa sikio, kiganja. Simba asiye na manyoya shingoni, ambaye katika mchoro wa mkaa angeonekana pungufu, katika chapa hupata ukali wake wote, kwa sababu giza halihitaji kujua shingo yake inaishia wapi. Wachongaji wa Kijerumani wa kundi lililoanzishwa Dresden 1905 waliupata ukali wa namna hiyo kwa kuzitazama sanamu za Kiafrika na za visiwa vya Pasifiki katika makumbusho ya mji wao. Kwa hiyo anayesema kwamba chapa yenye hisia kali ni kitu cha Ulaya ameanza kusoma hesabu hiyo katikati.

Mchoro wa mkaa usidharauliwe lakini. Una kasi, nao ndio unaofaa kwa kutafuta: mikao kumi ya mtu aliyeketi gizani, njia ishirini za kuchora kinywa kilichofumbwa. Kazi nyingi za kuchapa hushindwa kwa kuwa mchongaji ameharakia kibao kabla hajajua anachokitafuta, na kibao hakifutiki.

Yamebaki mambo mawili ambayo nchi ya Taita inayaleta yenyewe, na ambayo mchoraji wa kutoka nje asingeyapata. La kwanza ni pango. Katika vilima vya Taita ilikuwapo desturi, kabla ya kuenea kwa Ukristo, ya kuyafukua mafuvu ya wazee baada ya muda kupita tangu kuzikwa na kuyaweka kwa heshima chini ya miamba. Misheni ya Kianglikana iliyofika Sagalla 1883 na ile ya Kikatoliki iliyofika Bura 1892 hazikuipenda desturi hiyo, nayo ikakoma, lakini yako mafuvu yaliyobaki mahali pake. Fikiria basi Mtaita akiitazama mifupa ya Rubens chini ya mwamba. Kwa Rubens, fuvu ndani ya pango ni tisho. Kwa babu wa Mtaita, fuvu ndani ya pango ni ukoo. Akitumia neno pango, mchoraji wa Taita anamweka Danieli, mcha Mungu mmoja, mbele ya wazee wa kwao, na picha inazua mjadala ambao mahubiri yaliukatiza mapema mno. Ikiwa hautaki mjadala huo, achore shimo. Asichoweza kufanya ni kuchora pango na kudhani ni mwamba tu.

La pili ni kinywa. Mwanaanthropolojia Grace Harris, katika utafiti wake wa dini ya Wataita uliotolewa 1978, alionyesha kwamba kiini cha ibada zao kilikuwa kuiondoa hasira moyoni, kwa kuwa hasira iliyofichwa iliaminika kuwa chanzo cha maradhi na maafa. Tendo lenyewe, kutasa, lilikuwa kupuliza nje kinywaji kilichojazwa kinywani, pombe au maji, pamoja na kutamka maneno ya dua. Kinywa kinafunguliwa ili hasira itoke. Iwekwe sasa hadithi ya Danieli kando ya tendo hilo. Wivu wa maliwali umefichwa moyoni mpaka umekuwa sheria. Mfalme ametamka amri asiyoweza kuirudisha kinywani, akakesha bila kula. Kinywa cha shimo kimezibwa. Vinywa vya simba vimefungwa. Ni hadithi ya vinywa tangu mwanzo hadi mwisho, na jamii iliyoijenga ibada yake juu ya kinywa ina njia ya kuichora isiyopatikana Antwerp wala London. Katika chapa ya namna hiyo uso wa kutazamwa huenda usiwe wa Danieli kabisa. Huenda ukawa wa mfalme alfajiri, ameinama juu ya shimo, kinywa wazi, akiita.

Wachoraji karibu wote huishia hapo, penye alfajiri. Hadithi haiishii hapo. Baada ya Danieli kutolewa, waliomshtaki walitupwa katika shimo lile lile, wao pamoja na wake zao na watoto wao, na simba wakawavunja mifupa kabla hawajafika chini. Rubens ameidokeza mifupa, lakini ni ya waliotangulia. Rivière hana habari nayo. Vitabu vya watoto vimeifuta, na ni rahisi kuelewa kwa nini. Lakini kwa mtazamaji wa Voi hiyo ndiyo sehemu ya hadithi ambayo haihitaji tafsiri. Wake na watoto hao hawakutunga sheria yoyote. Wanafanana na wafanyakazi wa Tsavo ambao majina yao hayakuandikwa kuliko wanavyofanana na maliwali.

Fani ya vyumba aliyoitumia Mbatha inaruhusu jambo hili kufanywa bila kelele. Katika chumba cha kwanza mtu anatupwa. Katika cha pili amekaa, na simba wamefumba vinywa. Katika cha tatu watoto wanaanguka. Shimo ni moja katika vyumba vyote vitatu, na simba ni wale wale, dume asiye na manyoya shingoni miongoni mwao. Kinachobadilika ni kinywa tu. Mchongaji atalazimika kuamua kama chumba cha tatu kiwe na ukubwa sawa na cha pili, na je, mfalme aonekane juu akitazama, kwa kuwa amri hiyo ya pili nayo ilikuwa yake.